Maneno ya kusoma chuo kwa masafa na mtandaoni: pitia haya kabla hujalipa ada

Kila mwaka dirisha la maombi likifunguliwa simu yangu haitulii. Mwalimu yuko Makete, nesi yuko Kyela, kijana anauza vipuri pale Mwanjelwa, na wote wanauliza mambo yale yale: krediti ni nini, moduli na kozi ni kitu kimoja, asaimenti yangu nimeona imeandikwa "Draft" je imefika au haijafika, sapu na kariova zinatofautianaje. Mimi shahada yangu ya ualimu niliisoma kwa masafa huku nafundisha Rungwe, nikapita mule mule, kwaiyo nimeamua niandike yote sehemu moja ili mtu akiniuliza nimtumie asome kwa nafasi yake.

Niseme ukweli, nimeona watu wenye akili nzuri kabisa wanapoteza semesta nzima kwa sababu ya neno moja tu ambalo hawakulielewa na wakaona aibu kuuliza. Somo walikuwa wanaliweza. Hiyo inaniuma sana, maana ada yenyewe mtu kauza viazi au kakopa kwenye kikoba.

Kabla hujaanza, andaa hivi vitu

- Daftari dogo la maneno. Kila ukurasa piga mstari katikati, kushoto andika neno kama lilivyo kwenye mfumo wa chuo, kulia andika "linanitaka nifanye nini, lini". Usiandike maana ndefu za kamusi, hazitakusaidia usiku wa kukusanya kazi.
- Barua pepe YAKO, umeifungua mwenyewe, pasiwedi unaijua na namba ya simu iliyounganishwa ni ya kwako. Hapa nakazia kidogo. Watu wengi huku kwetu wanaenda steshenari wanafanyiwa maombi, yule kijana wa steshenari kwa haraka zake anafungua barua pepe mpya anaweka namba yake mwenyewe, wewe unalipa unaondoka na risiti. Miezi mitatu baadae chuo kinatuma taarifa za udahili kule, wewe huna habari, ukirudi steshenari kijana kashahama yuko Tunduma. Saidiwa kuandika, sawa, ila barua pepe na pasiwedi viwe vya kwako.
- Namba yako ya mtihani wa kidato cha nne pamoja na mwaka, na vyeti vyako umeviskani viwe PDF vinavyosomeka.
- Majina yafanane kwenye vyeti, NIDA (kitambulisho cha taifa) na kila mahali. Kama cheti kinasema Mwakalinga na NIDA inasema Mwakalingo, shughulikia mapema.
- Prospektasi na almanaki ya chuo. Prospektasi ni kitabu cha sheria, kozi na ada za chuo, almanaki ni kalenda ya mwaka wa masomo. Vyote vinapatikana kwenye tovuti ya chuo bure kabisa, pakua ukiwa na mtandao mzuri uhifadhi kwenye simu.
- Simu janja yenye nafasi ya kutosha, bando, na pawabenki kama unakaa sehemu ambayo umeme unakatika mvua ikianza.

1. Jua unaingia kwenye usomaji wa aina gani

Maneno yapo manne na watu wanayachanganya.

*Masafa* maana yake wewe na mwalimu mko mbali, vitabu na maelekezo vinakufikia ulipo, zamani kwa posta na siku hizi kwa mtandao.

*Huria* ni habari ya mlango, yaani chuo kimelegeza masharti ya nani anaingia, kwa umri gani na anamaliza kwa kasi gani. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992 kikaanza kazi 1993, na hakikutaka watu wahamie Dar, kikaweka vituo mikoani. Kwa huku kwetu kuna kituo Mbeya, Iringa, Njombe na kwengineko. Uingereza walitangulia, Open University yao ni ya 1969.

*Mtandaoni* maana yake masomo yenyewe yanafanyika kwenye intaneti.

*Mseto* ni nusu mtandao nusu darasani.

Sasa tahadhari. Chuo kuandika "masafa" au hata "mtandaoni" haimaanishi hutatoka nyumbani. Kunaweza kuwa na vipindi vya ana kwa ana, kuna mitihani ya kukaa chumbani na msimamizi, kuna mazoezi kwa vitendo kwa wanaosoma ualimu au sayansi. Kabla hujalipa uliza swali moja tu: "Kwa mwaka mzima nitatakiwa kufika mwenyewe mara ngapi na wapi?" Mtu wa Ludewa kufika Njombe mjini kipindi cha mvua ni safari ya kupanga, ukijumlisha nauli na kulala unakuta ada ina kaka yake.

2. Hakikisha chuo kina ithibati

*Ithibati* ni kibali kwamba chuo na programu zake vimekaguliwa vinatambulika. Kwa vyuo vikuu hapa Tanzania anaehusika ni TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, kwa vyuo vya kati na ufundi ni NACTVET. Ingia kwenye tovuti yao uangalie jina la chuo NA jina la programu unayoitaka, maana chuo kinaweza kuwa halali lakini programu fulani haijaidhinishwa.

Kama ni chuo cha nje kinachofundisha kwa mtandao, kuna neno *utambuzi wa tuzo*. TCU ndo wanaoangalia kama shahada ya nje inalingana na ya hapa. Uliza kabla, usisubiri umalize ndo uanze kuhangaika na mwajiri kakuwekea faili pembeni. Ukiona tangazo la shahada ya wiki mbili, hakuna mtihani, unalipa tu wanakutumia cheti, hicho ni chuo hewa.

Hapo hapo kuna hizi kozi kubwa za wazi za mtandaoni, watu wanaziita *muki*, za Coursera, edX na wengine, mitandao ambayo ilianza 2012. Ni nzuri sana kwa kujifunza, mimi mwenyewe nimesoma kadhaa. Ila cheti cha kumaliza kozi ya wiki sita sio astashahada, kina maana kwamba umemaliza kozi hiyo basi. Kwenye kozi kama hizo ukiona neno "Audit" maana yake unasoma bila kupewa cheti, mara nyingi bure.

Na ngazi zenyewe usizichanganye kwenye fomu: astashahada, stashahada, shahada, shahada ya uzamili, shahada ya uzamivu. Uzamili ndo ile ya pili baada ya digrii ya kwanza, uzamivu ndo udaktari wa falsafa. Herufi mbili tu zinatofautiana hapo na nimeshaona mtu kachagua uzamivu wakati hata shahada ya kwanza bado.

3. Tenganisha namba zako

Hapa ndo wengi wanapokwama mapema. Unapewa namba nyingi na kila moja ina mlango wake:

- *Indeksi namba*, ile ya mtihani wa kidato cha nne, inaanza na S au P ikifuatiwa na namba ya shule, namba yako na mwaka. Hii ndo inaanzisha maombi.
- *Namba ya maombi*, inatumika mpaka upate majibu, basi.
- *AVN*, hii ni kwa waliomaliza stashahada wanaotaka kwenda shahada. Ni namba ya kuhakiki tuzo yako na inatolewa na NACTVET. Ombeni mapema jamani, usingoje dirisha limebakiza siku mbili.
- *Kontroo namba*, ya kulipia kwenye vyuo vya serikali, tarakimu 12, inaanza na 99. Kila malipo na kontroo namba yake. Ukilipa hela ya hosteli kwa kontroo namba ya ada mfumo hauna macho ya kujua ulikusudia nini. Na usilipe ada kwenye namba ya simu ya mtu hata akijitambulisha ni afisa wa chuo.
- *Namba ya usajili*, hii ndo jina lako jipya mpaka umalize. Ikariri.

4. Udahili sio usajili

*Kudahiliwa* ni chuo kimekukubali. *Kuthibitisha* ni wewe kuwaambia nimechagua nyie, hasa kama umechaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, unatumiwa kodi (yaani namba ya siri) kwenye simu unaiingiza kwenye mfumo kabla ya tarehe ya mwisho. *Kusajiliwa* ni umelipa kinachotakiwa, umeleta vyeti, umeingizwa kwenye orodha ya wanafunzi. Na bado kuna *kusajili kozi*, hii inarudiwa kila semesta au kila mwaka, unaingia kwenye portali unachagua masomo utakayosoma kipindi hicho.

Kosa kubwa la waanziaji: mtu kalipa ada, anasoma, anafanya asaimenti, kumbe hakusajili kozi. Siku ya mtihani jina halipo. Au matokeo yanatoka yeye hana hata moja. Ukimaliza kusajili kozi piga skrinshoti ya ule ukurasa, hifadhi.

Kuna pia *kuahirisha*, yaani kusimamisha masomo kwa ruhusa, mfano umejifungua au umeuguliwa. Hii inaombwa kwa maandishi. Ukikaa kimya tu inahesabika umetoroka, na kurudi ni kazi.

5. Programu, kozi, moduli, krediti

*Programu* ni safari nzima, mfano Shahada ya Elimu. *Kozi* au *moduli* ni somo moja ndani yake, lina kodi yake ya herufi na namba. Vyuo vingine moduli ni kundi la kozi mbili tatu, kwaiyo angalia prospektasi ya kwako. *Koo* ni ya lazima, *ilektivu* ni ya kuchagua, na *kozi tangulizi* ni ile lazima uifaulu kwanza ndo ufunguliwe nyingine.

Sasa *krediti*, tulia hapa, maana ukiielewa hii utapanga maisha yako vizuri. Krediti ni kipimo cha muda wa kazi. Kwa Tanzania krediti moja ni kama saa 10 za kujifunza, na humo ndani mna kila kitu, kusoma, kusikiliza, asaimenti, kujiandaa na mtihani. Shahada ya miaka mitatu ina krediti zisizopungua 360, yaani 120 kwa mwaka, yaani saa 1,200 kwa mwaka. Mtu aliyeajiriwa na ana shamba na watoto saa 1,200 anazitoa wapi?

Piga hesabu hivi. Ukichukua nusu ya mzigo, krediti 60 kwa mwaka, ni saa 600. Ukizigawa kwa wiki 40 unapata saa 15 kwa wiki, saa mbili na kidogo kila siku. Hiyo inawezekana, mimi niliifanya, naamka saa kumi alfajiri nasoma mpaka saa kumi na mbili kabla ya kwenda shule. Ila kwa mwendo huo utamaliza miaka sita, na chuo kina *kikomo cha usajili*, miaka ambayo hutakiwi kuzidisha. Iangalie kwenye prospektasi kabla hujachagua mwendo wako.

Na usilinganishe krediti za nchi na nchi kwa namba tu. Shahada ya kwanza Marekani ni krediti kama 120, Ulaya ni 180 kwa miaka mitatu, hapa 360. Vipimo vyao ndo tofauti, wala hatusomi mara tatu yao. Ukitaka *kuhamisha krediti* kutoka chuo kimoja kwenda kingine wanaoamua ni chuo unachoenda, sio unachotoka.

6. Portali na darasa la mtandaoni ni nyumba mbili

*Portali ya mwanafunzi* ni ofisi: ada, usajili wa kozi, matokeo. *Mfumo wa kujifunzia* ni darasa: notsi, video, majadiliano, asaimenti, kwizi. Vyuo vingi wanatumia Moodle kwa hilo la pili. Mara nyingi kila nyumba ina ufunguo wake, kwaiyo pasiwedi ya portali ikigoma kwenye Moodle usidhani umefukuzwa.

Ukiingia Moodle mara ya kwanza fanya vitu viwili. Nenda kwenye wasifu wako uangalie saa za eneo, iwe Dar es Salaam, maana ikibaki ya nchi nyingine kila dedilaini utakayoiona inakudanganya. Alafu ingia kila kozi uone kama majina ya kozi ulizosajili yote yapo. Vyuo vingine kozi haitokei mpaka uingize *enrolmenti kii*, ni neno la siri la kuingilia darasa hilo, anakupa mwalimu wa kozi au mratibu.

Moodle ina programu ya simu, na kama chuo kimeiruhusu unaweza kupakua notsi ukasoma bila bando. Kwa mtu wa Kitulo au ndani ndani Mufindi hiyo ni mkombozi, unashuka mjini siku ya soko unapakua kila kitu unapanda navyo.

7. Laivu, isiyo laivu, na habari ya saa

Kipindi *laivu* mko wote muda mmoja, kwa Zoom, Google Meet au mfumo wa chuo. Kisicho laivu kimerekodiwa au kimeandikwa, unasoma muda wako. Kwenye laivu zima kamera, video ndo inayokula bando, sauti peke yake haili sana. Uliza kama kipindi kinarekodiwa.

Sasa saa. Sisi tunahesabu kuanzia asubuhi, mifumo inahesabu kuanzia usiku wa manane. 11:59 PM ni saa tano na dakika hamsini na tisa usiku, hiyo wengi wanaijua. Inayoua watu ni 12:00 AM. Dedilaini ikiandikwa tarehe 15, 12:00 AM, ni saa sita usiku wa KUAMKIA tarehe 15, yaani jioni ya tarehe 14 ndo ya mwisho kwako. Mwaka wangu wa kwanza niliisoma vibaya hiyo, nikatoka shule tarehe 15 nikanywa chai nikakaa vizuri kumalizia ukurasa wa mwisho, kufungua mfumo sehemu ya kupakia haipo. Kazi ya wiki tatu. Tangu siku hiyo kwenye daftari langu kila dedilaini naiandika kwa Kiswahili na jina la siku: "Jumatatu usiku saa sita kasoro".

Kwa wanaosoma vyuo vya nje ni hivi. Uingereza wakati wa baridi yao 23:59 ni saa nane na dakika hamsini na tisa usiku kwetu, na kuanzia mwisho wa Machi mpaka mwisho wa Oktoba ni saa saba na dakika hamsini na tisa. Afrika Kusini wako nyuma yetu saa moja. Hao wote wanakupa muda wa ziada. India wametangulia, 23:59 yao kwetu ni saa tatu na dakika ishirini na tisa usiku, kwaiyo ukingoja saa tano umechelewa.

8. Asaimenti: rasimu, kukusanya, ufanano

Kupakia faili na kukusanya kazi kwenye vyuo vingi ni hatua mbili. Dada mmoja nesi alikuja kwangu Uyole, simu kaifunga kwenye kitambaa kwa sababu ya mvua, akafungua Moodle akanionyesha faili lake hili hapa, jina lake, tarehe, kila kitu, na mwalimu anamwambia hajaona kazi. Nikamwambia shusha macho kidogo. Juu ya jedwali palikuwa pameandikwa "Draft" na mbele yake "not submitted". Kazi ilikaa humo siku kumi na moja kama rasimu, hakuna mtu wa upande wa pili anaeiona. Kulikuwa na kitufe kingine chini kabisa ya ukurasa, kwenye simu yake ndogo hakikuonekana mpaka ushushe sana. Alikibonyeza mkono unatetemeka. Walimpokelea ila kwa kukatwa maksi za kuchelewa.

Kwaiyo hakikisha hali inasoma "Submitted for grading", piga skrinshoti yenye saa, ndo ufunge simu. Na kama ni rasimu ukishakusanya mara nyingi huwezi kubadili tena, soma kwanza.

Maneno mengine ya hapa nayapitia haraka. *Rubriki* ni jedwali la jinsi maksi zinavyogawanywa, soma kabla hujaandika maana linakwambia mwalimu anatafuta nini. *Fidibeki* ni maoni ya mwalimu, hayaonekani kwenye maksi, bonyeza faili ufungue. *Marejeo* ni orodha ya ulichosoma, na mtindo wake unapangwa na chuo. *Foramu* ni uwanja wa majadiliano ya kozi, wengine wanatoa maksi humo, usipite tu kusoma za wenzako.

*Ufanano* ndo unaoleta hofu. Programu kama Turnitin inalinganisha kazi yako na maandishi mengine inatoa asilimia. Asilimia hiyo ni kiasi cha maneno yanayofanana, haijasema umeiba, mwalimu ndo anaangalia. Ukinukuu vizuri na kutaja chanzo, sehemu hizo zinaweza kuonekana na isiwe kosa. Kosa ni kudesa: kuchukua kazi ya mwenzako wa mwaka jana ukabadili jina. Ile kazi mara nyingi imeshahifadhiwa kwenye mfumo, inarudi inasema hii nimeiona. Na adhabu yake vyuoni inaweza kufika kufukuzwa.

*Kwizi* nayo: angalia dakika zilizopo na idadi ya *atempti*, yaani mara unazoruhusiwa kujaribu. Ukibonyeza kuanza saa inatembea hata ukifunga simu, hata bando likiisha. Usianze kwizi ukiwa kwenye daladala ya kwenda Mbalizi.

9. Mitihani na matokeo

*Koziweki* ni maksi za njiani, asaimenti na majaribio. *Yuii* ni mtihani wa mwisho. Vyuo vingi wanagawa 40 kwa 60, wengine 30 kwa 70. Kuna chuo usipofikisha kiwango cha koziweki hukai mtihani, soma sheria yako.

*Sapu* ni mtihani wa marudio baada ya kufeli, na mara nyingi hata upate ngapi unaandikiwa daraja la kufaulu tu. *Kariova* ni kuibeba kozi mwaka unaofuata uisome tena. *Mtihani maalumu* ni wa mtu alieshindwa kukaa kwa sababu inayokubalika, mgonjwa au msiba, akatoa taarifa kwa maandishi na vielelezo. Watu wanakosa mtihani kwa kuumwa, hawaandiki barua, wanakuja kukuta wamewekewa sifuri wakati haki yao ilikuwa mtihani maalumu ambao ukifaulu unapata maksi zako zote. *Kudisko* ni kuondolewa chuoni.

*GPA* ni wastani unaopimwa kwa krediti. A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2 kwa vyuo vingi vya hapa. Chukua pointi zidisha na krediti za kozi, jumlisha, gawa kwa jumla ya krediti. Mfano kozi ya krediti 10 umepata A, ni 50. Kozi ya krediti 15 umepata C, ni 30. Jumla 80 gawa kwa 25 ni 3.2. Ungekuwa umepata A kwenye ile ya krediti 15 na C kwenye ya 10, ungekuwa na 3.8. Kwaiyo kozi yenye krediti nyingi ndo ya kuipa alfajiri zako. Kwenye shahada kuanzia 4.4 ni daraja la kwanza, 3.5 mpaka 4.3 la pili juu, 2.7 mpaka 3.4 la pili chini, 2.0 mpaka 2.6 pasi.

*Matokeo ya awali* ni yale ambayo Seneti ya chuo haijapitisha, yanaweza kubadilika. *Transkripti* ni karatasi rasmi ya kozi zote na maksi zake.

Ukikwama

*Pasiwedi imegoma.* Bonyeza kusahau pasiwedi, alafu angalia na kwenye spamu ya barua pepe. Usijaribu mara kumi, akaunti inaweza kufungwa.

*Faili linakataa kupanda.* Mara nyingi ni kubwa kupita kiasi au sio PDF. Picha za daftari ulizopiga kwa simu ni nzito, zibane kwanza kwa programu ya kuskani. Mtandao ukisumbua jaribu alfajiri, huku kwetu saa kumi na moja mtandao unakuwa mwepesi.

*Umeme au mtandao umekatika katikati ya kwizi.* Rudi haraka ukiweza, dakika zikiwepo unaendelea ulipoishia. Ikishindikana mwandikie mwalimu siku hiyo hiyo, taja jina la kozi, saa uliyoanza na saa iliyokatika.

*Umelipa na portali inasoma unadaiwa.* Subiri siku moja mbili za kazi, alafu peleka risiti yenye kontroo namba kwa mhasibu wa chuo. Risiti za karatasi zinafutika wino, zipige picha siku ile ile.

*Kozi moja haina matokeo.* Kwanza hakiki kwenye skrinshoti yako kama uliisajili. Kama uliisajili na ulikaa mtihani, jaza fomu ya kufuatilia maksi ndani ya muda uliotajwa kwenye prospektasi.

*Umekutana na neno ambalo hapa halipo.* Litafute kwenye prospektasi, na usipolipata mpigie mratibu wa kituo chako au umwandikie. Ujumbe wako uanze na namba ya usajili, kodi ya kozi na swali lenyewe, bila salamu ndefu, maana bila namba atakujibu kwa kukuuliza namba na siku nyingine ishapita.